Koti la Buluu la Sungura Peter

Ukikitazama kwa utulivu kitabu cha Beatrix Potter kiitwacho The Tale of Peter Rabbit, utaona kwamba sungura yule habaki na umbo moja. Akiwa amevaa koti lake la buluu lenye vifungo vya shaba, Peter husimama wima, hutembea kwa miguu miwili, hushika figili kwa mikono na kuitafuna kwa raha zake. Kisha mzee McGregor, mwenye bustani, anamwona na kuanza kumfukuza. Kiatu kimoja kinabaki kwenye kabichi, cha pili kwenye viazi, na hapo Peter anashuka chini, anakimbia kwa miguu minne na mbio zinaongezeka. Hatua chache mbele vifungo vya koti vinanaswa na wavu. Anajichomoa, koti linabaki nyuma, na anayetoroka sasa ni mnyama mtupu, hana hata kipande cha nguo.

Hilo peke yake lingetosha kunivutia. Lakini kurasa kadhaa baadaye Peter anafika kwenye mlango uliofungwa, hana pa kupitia, na Potter anamsimamisha tena kwa miguu miwili ingawa koti halipo. Amejibanza kando ya mlango, mguu mmoja umekanyaga mwingine, mkono uko mdomoni, chozi linamtoka. Kilichomrudisha kwenye umbo la mtoto safari hii ni huzuni. Maneno ya ukurasa huo hayaelezi lolote kuhusu miguu wala mkono. Kazi hiyo imeachiwa picha. Koti nalo halikusahauliwa. Katika The Tale of Benjamin Bunny, kitabu cha mwaka 1904, Peter na binamu yake wanarudi bustanini kulichukua kutoka kwenye sanamu la kutishia ndege ambalo McGregor alilivisha. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo koti wanalikuta limerudi kidogo na viatu vina maji. Mchoraji aliyebuni sungura mwenye koti alikubali pia kwamba kitambaa kikilowa hurudi.

Watu huona vitabu vya watoto kuwa kazi nyepesi, ya kumalizwa wakati mtu anajiandaa kwa kitabu kikubwa. Mimi naamini kinyume chake, na Peter ni ushahidi wangu. Huwezi kumvika sungura koti likamkaa vizuri mabegani kama hujui bega lake liko wapi. Potter alijua. Alizaliwa London mwaka 1866, akasomeshwa nyumbani na walimu walioajiriwa na wazazi wake. Yeye na mdogo wake Bertram walijaza chumba chao cha masomo wanyama wa kila aina: sungura, panya, popo, mijusi, vyura, kalunguyeye. Mnyama alipokufa waliweza kumchemsha wapate mifupa, wakaipanga, wakaichora. Ni jambo la kusisimua mwili, lakini ukitazama Peter anavyojipenyeza chini ya lango la bustani, mgongo ukibonyea mahali pake hasa, unajua ujuzi huo umetoka wapi.

Mchoraji John Everett Millais, rafiki wa baba yake, aliwahi kumwambia kwamba watu wengi wanaweza kuchora lakini yeye alikuwa na jicho la kuchunguza. Potter aliliandika hilo katika shajara yake, aliyoiandika kwa maandishi ya siri aliyoyabuni mwenyewe, na ambayo mtu alifaulu kuyasoma mwaka 1958 tu, miaka 15 baada ya kifo chake. Jicho hilo alilielekeza pia kwenye uyoga. Alichora mamia ya picha za uyoga kwa rangi za maji, na mwaka 1897 makala yake kuhusu jinsi vimbegu vya uyoga vinavyochipua iliwasilishwa mbele ya Linnean Society ya London. Hakuruhusiwa kuhudhuria kwa kuwa alikuwa mwanamke. Mkono uliochora Peter, basi, ulikuwa umezoea kazi ambayo kosa la upana wa unywele hugeuza aina moja ya uyoga kuwa nyingine.

Hadithi yenyewe ilianza kama barua. Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa mapumzikoni Dunkeld, Uskoti, Potter alimwandikia Noel Moore, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mama yake Noel ndiye aliyekuwa mwalimu wa mwisho wa Potter. Alimweleza mtoto kwamba hakuwa na habari ya kumwandikia, hivyo angemsimulia juu ya sungura wanne wadogo. Akaandika na kuchora kwa kalamu ile ile, picha zikikaa katikati ya mistari. Kesho yake alimwandikia ndugu yake Noel, Eric, kuhusu chura anayevua samaki, na chura huyo naye akaja kuwa kitabu. Peter wa kwenye barua alichukua jina la sungura halisi, Peter Piper, ambaye Potter alimnunua mtaa wa Shepherd's Bush kwa shilingi nne na peni sita, akamchora akilala, akila, akijinyoosha mbele ya moto.

Barua ilikaa kwa Noel miaka saba. Mwaka 1900 Potter aliiazima na kunakili hadithi kwenye daftari, akaongeza matukio na picha. Katika miaka hiyo ya katikati hakuwa amekaa bure. Sungura wake walikwisha kuuzwa kwenye kadi za salamu, na alikuwa amejifunza mchoro wake hubadilikaje ukifika kwa mchapaji. Ninapomsifu kwa subira, namaanisha subira ya namna hiyo, ya mtu ambaye mkono wake haupumziki.

Wachapishaji wasiopungua sita walikikataa kitabu. Wengine walikitaka kiwe kikubwa, kwa bei kubwa. Potter alishikilia kitabu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, na bei ambayo mtoto mwenye akiba kidogo angeimudu. Alipochoka kusubiri, alilipia uchapaji kwa fedha zake. Nakala 250 zilikuwa tayari tarehe 16 Desemba 1901, picha zake zikiwa za wino mweusi isipokuwa ile ya mwanzo, nazo zikaenda kwa ndugu na marafiki. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, alijipatia nakala kwa ajili ya watoto wake. Zilipokwisha, Potter akachapisha 200 zaidi.

Frederick Warne & Co., kampuni iliyokuwa imekwisha kumkatalia, ilirudi na sharti: picha zote ziwe za rangi. Potter alisita. Gharama ilimtia wasiwasi, na aliona pia kwamba rangi za hadithi yenyewe, kahawia ya sungura na kijani cha majani, hazikuwa na mvuto mkubwa. Alikubali, akapaka upya. Ninapotazama picha hizo naona jinsi hofu yake ilivyomsaidia. Kwa kuwa kahawia na kijani vilitawala kila mahali, koti la buluu likapewa nafasi ya kung'aa peke yake. Jicho la mtoto hulitafuta hilo kwanza. Koti linapobaki kwenye wavu, kurasa nazo zinapoa, na Peter anazama katika rangi za bustani kama mnyama anayejificha anavyopaswa kuzama. Sijui kitabu kingine cha watoto ambacho rangi moja imebebeshwa mzigo mkubwa hivyo.

Uchapaji ulifanywa na kampuni ya Edmund Evans, jina lililojulikana kwa vitabu vya rangi vya Randolph Caldecott na Kate Greenaway. Zamani, kazi ya msanii ilipaswa kuchongwa upya kwenye mbao na fundi mwingine, na mstari uliochapwa ulikuwa wa fundi huyo kwa kiasi kikubwa. Kwa Peter ilitumika njia mpya. Mchoro ulipigwa picha kupitia vichujio vya rangi, yakapatikana mabamba matatu: la manjano, la jekundu na la buluu. Karatasi ilipita mashineni mara moja kwa kila rangi, na bamba lolote likisogea kidogo tu, ukingo wa sikio hutia ukungu. Faida yake ilikuwa kwamba burashi ya Potter ilimfikia mtoto ikiwa na michirizi yake yote, hata ule unyoya mmoja mmoja wa mgongoni. Kitabu kilitoka Oktoba 1902. Nakala 8,000 za kwanza zilikwisha kuagizwa kabla hakijatoka, na mwaka ulipoisha zilikuwa zimechapwa 28,000.

Kabla ya kufika hapo ilibidi apunguze. Toleo lake la kwanza lilikuwa na picha 42, la Warne likabaki na 31, na mwaka uliofuata nne zaidi zikaondolewa. Maneno hayafiki 1,000. Ukurasa wa maneno unatazamana na wa picha, mara nyingi kwa sentensi moja au mbili, na mahali pa kufunua ukurasa pamechaguliwa kwa makini. Peter anageuka kwenye kona ya matango na sentensi inatuuliza atamkuta nani. Jibu ni McGregor mwenyewe. Msomaji mzima hupita hapo haraka. Mtoto anayesomewa hushika ukingo wa karatasi na kungoja, na mtunzi alikwisha kumfikiria.

Kuna ukurasa wa panya ambao naupenda kwa namna ya pekee. Peter, amepotea, anamuuliza panya mzee njia ya kwenda langoni. Panya ana punje kubwa ya njegere mdomoni, hawezi kujibu, anatikisa kichwa tu. Mwandishi mwingine angempa panya huyo maneno ya hekima. Potter alijua kwamba panya anayewapelekea wanawe chakula haweki mzigo chini kwa ajili ya mgeni, na upweke wa Peter unakuwa mzito zaidi kwa sababu hakuna aliyemfanyia ubaya.

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura, yule anayemshinda Fisi na kumcheza shere Simba, tunaweza kumwona Peter kuwa mnyonge. Hana hila hata moja. Anajificha ndani ya kopo la kumwagilia, kumbe lina maji, na chafya inamtoa siri. Nafikiri tofauti hiyo inatokana na mahali hadithi ilipoanzia. Sungura wetu alikuzwa na wasimulizi wengi, mbele ya wasikilizaji wa kila umri, na ushindi wake unawafurahisha wote waliowahi kuonewa. Peter aliandikiwa mtoto mmoja mgonjwa. Mtoto huyo hakuhitaji bingwa. Alihitaji mwenzake mwenye kosa dogo, hofu kubwa, na mwishowe kitanda. Na kweli Peter anaishia kitandani akinyweshwa dawa ya maua ya kamomili, huku dada zake, Flopsy, Mopsy na Cottontail, wakila mkate, maziwa na matunda waliyochuma.

Hata hivyo Potter hakumficha mtoto kitu. Katika kurasa za mwanzo kabisa mama anawaonya wanawe wasiingie bustanini, kwa sababu baba yao alipatwa na ajali huko, akatiwa kwenye pai na mke wa McGregor. Ni sentensi fupi, imesemwa kwa sauti ya mama anayetaka kuwahi dukani. Mwanzoni ilikuwa na picha yake, mke wa McGregor akiwa na pai, na picha hiyo ni mojawapo ya nne zilizoondolewa. Kuchora watu hakukuwa nguvu ya Potter, na yeye mwenyewe alilijua; sura ya mke wa McGregor ilimsumbua, hata alipoichora upya. Kuondoka kwa picha hiyo kulikinufaisha kitabu. Baba wa Peter sasa yuko katika maneno tu, na kila mtoto anampima kwa kiasi cha hofu anachoweza kubeba.

Udhaifu huo huo wa kuchora watu ndio uliompa McGregor umbo lake. Mara nyingi tunamwona amepiga magoti kwenye kabichi, au yuko mbali na jembe lake kwenye vitunguu, au ni mikono tu. Katika picha ya dirishani, Peter anaruka nje huku vyungu vya maua vikianguka, na kilichobaki cha McGregor ni buti lenye misumari. Sungura aliye chini ya meza humwona mtu kuanzia kwenye soli, na mtoto wa miaka mitano vilevile. Potter angeweza kuendelea, ampe mzee huyo hasira, matusi, kiapo cha kulipiza kisasi. Hakumpa. McGregor hawezi kupenya dirishani, amechoka, na bado ana miche ya kabichi ya kupanda, kwa hiyo anamwacha sungura aende na kurudi kwenye matuta yake.