Ritifaa na Uundaji wa Objekti: Uhakiki wa Miongozo Miwili ya JavaScript kwa Mtazamo wa Arua na Koboko

Miongozo ya mtindo wa kuandika programu huachiwa mafundi. Makala haya yanadai kuwa miongozo hiyo ni sera ya lugha, ingawa haijitambulishi hivyo.

Katika JavaScript, objekti huundwa kwa kuorodhesha sifa zake ndani ya mabano, kila sifa na jina lake. Mwongozo wa Airbnb huagiza jina lifungwe kwa nukuu pale tu lenye alama isiyokubalika. Ule wa Google hukataza kuchanganya majina yenye nukuu na yasiyo nayo ndani ya objekti moja. Kwa mwandishi wa Kiingereza tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtunzi wa kamusi ya Kilugbara huko Arua, au ya Kikakwa huko Koboko, ni kubwa, kwani tahajia za lugha hizo hutumia ritifaa kama sehemu ya konsonanti: 'ba, kwa Kilugbara, ni watu. Kiswahili nacho hakijasalimika. "Ng'ombe" haliwezi kuwa jina la sifa bila nukuu. Tena miongozo yote miwili hupendelea nukuu moja, yenye umbo lilelile la ritifaa, hivyo neno hukatika katikati.

Kwa utaratibu wa Airbnb, "mbuzi" huonekana safi na "ng'ombe" huonekana kasoro. Mwanafunzi huona njia nyepesi: kufuta ritifaa. Hapo "ng'oa" huwa "ngoa", kuondoa mzizi kukageuka tamaa, na mashine hailalamiki. Utaratibu wa Google unafaa zaidi, japo haukubuniwa kwa ajili hiyo. Lengo lake ni kuzuia kikusanyi kisibadilishe baadhi ya majina na kuacha mengine.

Yunikodi ina ritifaa iliyo herufi kamili, U+02BC, ambayo JavaScript huikubali ndani ya jina. Ni suluhisho zuri karatasini tu. Kibodi za kawaida hazina herufi hiyo. Neno moja huhifadhiwa kwa maumbo mawili, na anayelitafuta hulikosa.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Washauri wa mitaala, pamoja na vyuo kama Chuo Kikuu cha Muni kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, wanapaswa kuagiza mambo mawili: majina yote ya sifa yafungwe kwa nukuu mbili, na ritifaa moja tu itumike katika hazina zote za maneno.