Proje yenye jina ambalo bamama hawawezi kulitamka



Kundi moja la vijana wetu wa Kakontwe limeandika proje na kuipitisha kwetu tuisome kabla haijaenda kwa mfadhili. Nimeisoma mara mbili. Ndani kazi iko muzuri: bei zimeulizwa sokoni, mahesabu yanasimama, kila mtu anajua atafanya nini. Shida iko juu kabisa, penye jina. Ni mistari mitatu ya Kifaransa, na ndani yake «appui», «intégré», «résilience» na, mwishoni, «femmes vulnérables» wa «milieu périurbain».

Sasa kazi yenyewe ni nini? Kuwapa bamama wanaoponda mawe miwani ya kukinga macho na vitambaa vya kuzuia vumbi, kisha kuanzisha likelemba ya kulipia batoto masomo. Basi. Ukisoma jina huoni jiwe, huoni jicho, huoni Kakontwe. Ungelibandika juu ya proje ya samaki ya Kasenga au ya mihogo ya Mitwaba, lingekaa vilevile. Na hapo njo kunaniuma, juu jina la mtaa wetu wanajiolojia wanalijua mpaka ng'ambo ya mpaka, Zambia: wanasema chokaa ya Kakontwe. Wageni wanaandika Kakontwe, sisi wenyewe tunaandika «milieu périurbain».

Najua vijana wametoa wapi mtindo huu. Wanaiga proje kubwa. Chukueni PABEA-Cobalt, ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, ya mwaka 2019: jina lake kamili linazungumzia «bien-être alternatif» ya batoto na vijana walio katika mnyororo wa kobalti. Ustawi mbadala! Mbadala wa nini? Lakini benki haiombi mtu aisome. Imekwisha kupatana na Serikali. Kundi la watu saba lenye kaunti moja ya benki halina nafasi hiyo. Mfadhili mdogo ana barua nyingi mezani, na jina njo kitu cha kwanza anachosoma.

COTECCO ya Shirika la Kazi la Kimataifa, kwa feza ya Wizara ya Kazi ya Marekani, imefanya vizuri zaidi. Ufupisho wake hauna ladha, lakini jina refu linasema wazi: kupambana na kazi ya batoto katika kobalti ya Kongo. Unajua nani, unajua nini, unajua wapi. Mimi nina neno moja tu nalo, lile «kupambana». Mama ambaye mtoto wake anaosha mawe mtoni akilisikia, anaweza kufikiri vita imekuja nyumbani kwake.

Mfano unaotufaa kupita yote ni Tuungane. Shirika la IRC pamoja na CARE walianza kazi hiyo mwaka 2007 kwa feza ya Uingereza, na Haut-Katanga, wakati ule ingali ndani ya Katanga moja, ilikuwa kati ya sehemu zake. Neno moja, la Kiswahili, hata nyanya kijijini analitamka. Kama jina, nalipenda kabisa. Lakini vijiji vilichaguliwa kwa kura, hivyo watafiti wa chuo kikuu cha Columbia waliweza kulinganisha vilivyopata na vile ambavyo havikupata. Matokeo yalitoka mwaka 2012: watu walikuwa wamejenga, madarasa hasa, na feza kwa sehemu kubwa ilitumika vema, lakini kuungana kwenyewe, kuaminiana na kuwadai wakubwa hesabu, tofauti karibu haikuonekana. Sisemi jina lilidanganya, juu lengo lilikuwa kweli lile. Nasema ukijiita Tuungane, watu watakuja kupima kama mumeungana, na darasa lenye bati mupya litahesabiwa kama kitu kidogo.

Njo maana nakataa pia jina la pili ambalo mmoja wa vijana ameliweka pembeni kwa kalamu: «Kakontwe Mupya». Miwani mia moja haiwezi kuleta Kakontwe mupya. Itazuia vipande vya mawe visiingie machoni, na hiyo ni kazi ya kutosha.

Napendekeza hivi: «Miwani na likelemba kwa bamama waponda mawe wa Kakontwe». Chini yake waweke Kifaransa, maneno yaleyale, bila kuongeza «résilience». Mfadhili ataelewa katika sekunde tano.

Kuhusu «vulnérables», nilimwelezea mama mmoja wa pale maana yake, kwamba ni watu walio hatarini. Akacheka. «Hatari gani? Miye niko naponda mawe, niko nalipa masomo ya batoto.» Neno hilo litoke.

Kunabaki jambo moja ambalo mimi siwezi kuamua. Nimesikia bamama wengine wakijiita wauzaji wa garaviye, na si waponda mawe. Mmoja aliniambia kuponda ni kazi, kuuza njo biashara. Vijana wawaulize wenyewe wanataka kuitwa nini. Waende Jumamosi asubuhi, kabla malori hayajaanza kupakia.