Hadithi Itanguliayo Mchezo: Uhakiki wa Maandishi ya Kuwaandaa Watazamaji Wenye Usonji

1. Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia wamezoea kuanza kazi yao pale pazia linapofunguliwa. Tangazo lililobandikwa mlangoni, tikiti, na karatasi wanayogawiwa watazamaji huhesabiwa kuwa ni shughuli za wenye jumba, wala si sehemu ya sanaa. Kwa sababu ya mazoea haya, kuna aina moja ya maandishi ambayo imebaki nje ya uhakiki, ingawa kwa baadhi ya watu ndiyo inayoamua kama wataingia katika jumba la michezo ama watabaki nje. Aina hiyo ni hadithi ya maandalizi, yaani maelezo mafupi, aghalabu yenye picha, yanayomweleza mtu mwenye usonji mambo atakayoyakuta tangu mlangoni hadi mwisho wa mchezo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hadithi hiyo kama inavyochunguzwa kazi nyingine yoyote ya lugha. Dai lake ni kwamba hadithi ya maandalizi haiuharibu mchezo kwa kuufichua mapema. Inapokuwa na kasoro, kasoro hiyo imo katika lugha: pale inapoacha kueleza na kuanza kuamuru.

2. Chimbuko

Usonji ulielezwa kitaalamu na Leo Kanner huko Marekani mnamo 1943. Ni hali ya maumbile inayoathiri mawasiliano na mahusiano, na mara nyingi pia namna milango ya fahamu inavyopokea sauti, mwanga na mguso. Makofi ambayo kwa mtazamaji mmoja ni ishara ya furaha, kwa mwingine yaweza kuwa maumivu halisi. Giza la ghafla, taa zinazomweka na umati wa watu langoni huweza kumshinda mtu hata kabla mchezo haujaanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Carol Gray, mwalimu katika jimbo la Michigan, alianza kuandika hadithi fupi za kuwaeleza wanafunzi wenye usonji hali walizoziona ngeni. Mtindo huo uliingia katika majumba ya michezo baadaye. Tarehe 2 Oktoba 2011, shirika la Theatre Development Fund lilisimamia onyesho la The Lion King katika jumba la Minskoff, New York, nalo likawa onyesho la kwanza la Broadway kuandaliwa kwa ajili ya watazamaji wenye usonji na jamaa zao. Sauti zilipunguzwa na taa zilizomweka kuwaelekea watazamaji zikaondolewa. Nje ya ukumbi palitengwa mahali pa utulivu, na watazamaji waliruhusiwa kusimama, kutoka na kurudi. Pamoja na hayo, familia zilipatiwa hadithi ya maandalizi mapema. Kwa hiyo maandalizi yalikuwa ya pande mbili: mchezo ulimwandalia mtazamaji mahali, na mtazamaji akaandaliwa kuupokea mchezo.

3. Suala la kufichua

Pingamizi la kwanza huenda likatoka kwa wahakiki wenyewe. Itasemwa kwamba tamthilia huishi kwa taharuki, na kwamba mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa Mufasa atauawa na ndugu yake hana tena sababu ya kutazama. Pingamizi hili ni dhaifu. Katika Mutter Courage und ihre Kinder, mchezo ulioigizwa kwa mara ya kwanza mnamo 1941, Bertolt Brecht aliweka muhtasari mbele ya kila onyesho, na mmojawapo unatangaza wazi kifo cha mtoto wa mhusika mkuu kabla hakijatokea. Brecht alitaka mtazamaji aache kujiuliza nini kitatokea, ajiulize kwa nini kinatokea.

Mifano ya Afrika Mashariki haina upungufu. Msomaji wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mnamo 1969, anajua tangu mwanzo kwamba maji hayatazuia risasi. Ujuzi huo haupunguzi uzito wa tamthilia, bali ndio unaoyafanya matumaini ya wahusika yaume. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanywa hadharani, wanakijiji wakitazama na kusahihisha. Siku ya kufungua mchezo, wengi walikuwa wanaujua, na bado walifurika.

Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa ngano. Msimulizi haanzi kisa mpaka amebadilishana na hadhira maneno ya ufunguzi, na katika maneno hayo uongo hualikwa uje kwa jina lake. Mtoto huambiwa mapema kwamba zimwi linalokuja ni la hadithi. Hadithi ya maandalizi hufanya kazi hiyohiyo inapoeleza kwamba Mufasa anakufa katika mchezo, lakini mwigizaji yu mzima na atarudi jukwaani kuinama mbele ya watu. Kwa hakika, lililo geni si kumtayarisha msikilizaji, bali ni desturi ya kumwingiza gizani bila ya neno.

4. Suala la lugha

Gray alisisitiza kwamba katika hadithi ya namna hii sentensi zinazoeleza ziwe nyingi kuliko zinazoelekeza. Kanuni hiyo ni rahisi kuitaja na ngumu kuifuata. Ugumu wake unadhihirika mara mtu anapojaribu kuandika kwa Kiswahili.

Kwanza ni suala la nafsi. Hadithi hizi mara nyingi huandikwa kwa nafsi ya kwanza, ingawa anayeandika si yule atakayesema "mimi". Chukua mfano wa sentensi kama hii: "Nitaketi kimya mpaka mchezo uishe." Kiambishi -ta- kikiungana na nafsi ya kwanza hakitabiri tu, huweka ahadi. Mwandishi amemlisha msomaji kiapo ambacho hakukiapa, na akishindwa kukitimiza ataonekana mvunja ahadi. Kiswahili kina njia iliyo bora: "Watu wengi huketi. Nikitaka kutoka, ninaweza kutoka." Hapa hu- inaeleza desturi bila ya kuamuru, na -ki- inaufunga mwendo kwenye hiari ya msomaji mwenyewe. Tofauti ya viambishi ni ndogo kwa jicho, lakini ni tofauti ya mgeni na mfungwa.

Pili ni suala la hisia. Kuandika "Nitafurahi sana" ni kumwamulia mtu moyo wake. Aliyeambiwa atafurahi, kisha akapata maumivu, huenda akadhani kosa ni lake. Ingetosha kuandika kwamba wako wanaocheka na wako wanaoziba masikio, na kwamba yote mawili yanaruhusiwa.

Tatu ni suala la uhakika. Hadithi ya maandalizi huthaminiwa kwa sababu inaondoa mashaka, lakini jumba la michezo halina uhakika kamili. Mwigizaji huugua na nafasi yake ikashikwa na mwingine. Maandishi yanayoahidi kila kitu hugeuka uongo kwa badiliko moja. Kauli kama "huenda mwigizaji akawa mwingine" haidhoofishi hadithi. Inalitaja badiliko lenyewe kuwa sehemu ya mambo yanayotarajiwa.

Nne ni suala la majina, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Katika The Lion King, majina kama Simba, Rafiki na Pumbaa yametoka katika Kiswahili. Kwa mtoto wa New York, Simba ni jina tu. Kwa mtoto wa Mombasa, "Simba atakuja jukwaani" ni habari ya kutisha, kwa kuwa Kiswahili hakina kibainishi cha kumtenga mhusika Simba na simba wa porini, na herufi kubwa haisikiki masikioni. Vivyo hivyo "tembo atapita karibu na viti". Katika mchezo huo tembo hupita kweli katikati ya watazamaji, lakini miguu yake ni ya watu wanne walio ndani. Wako watu wenye usonji wanaoyapokea maneno kama yalivyotamkwa, kwa hiyo watu hao wanne lazima watajwe kabla ya tembo. Kwa sababu iyo hiyo, msemo kama "moyo utaruka" haufai, hata kama ni pambo zuri kwingineko.

5. Upande usioandaliwa

Mnamo Septemba 2015, katika onyesho la The King and I huko Lincoln Center, New York, mtoto mwenye usonji alipiga kelele wakati wa tukio la kuchapwa mjeledi. Baadhi ya watazamaji walikasirika na kutaka aondolewe, huku mama yake akijitahidi kumtoa. Mmoja wa waigizaji, Kelvin Moon Loh, aliandika baadaye kumtetea mama huyo, akisisitiza kwamba michezo ni ya familia zote. Onyesho lile lilikuwa la kawaida, lisilolegezwa masharti.

Tukio hili linafichua pengo katika aina nzima ya maandishi haya. Mtoto alilia alipoona mtu akichapwa, jambo ambalo waandishi wa tamthilia hutamani watazamaji wao waliguse moyoni. Wasioandaliwa walikuwa wale waliomzunguka. Utaratibu wa New York, ambapo shirika hununua viti vyote na kuviuza kwa familia zenye watu wenye usonji, unawapa usalama, lakini unawaacha watazamaji wengine bila kujifunza lolote. Maonyesho yaliyolegezwa ya Uingereza, ambayo kwa kawaida huwa wazi kwa kila mtu, yanaukaribia zaidi uwanja wa ngano, ambako mtoto anayelia au kuondoka haivunji hadithi.

6. Hitimisho

Hadithi ya maandalizi ni utanzu mdogo, lakini si utanzu mwepesi. Inadai mwandishi ajue thamani ya kila kiambishi, ajizuie kuamuru, na aache mapambo anayoyapenda. Inafuata kwamba kuiandika kwa Kiswahili ni kazi ya wataalamu wa lugha pia, wala haiwezi kuachiwa waganga na wazazi peke yao. Tena tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza itaingiza humo viapo na simba ambao mwandishi wa kwanza hakuwakusudia. Zaidi ya hayo, inapaswa kuandikwa hadithi ya pili, ya kusomwa na mtazamaji asiye na usonji, itakayomweleza kwamba leo huenda mtu akasimama, akaimba au akalia karibu naye, na kwamba huo nao ni mchezo ukitazamwa.