Tranka Limewaka!

Limewaka! Jamani, limewaka! Saa nne na robo usiku, juu ya meza ya chakula, tranka la bati la rangi ya bluu, lile lile ambalo kila aliyesoma bweni analijua kwa mlio wa komeo lake, limefunuliwa kifuniko, likavuta pumzi ya feni, na ndani ya kifuniko kikaangaza kioo cha inchi 15.6. Mke wangu akatoka chumbani, akatazama, akauliza kama nimepangiwa shule ya mbali. Sikumjibu. Nilikuwa nabonyeza vitufe kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Nimekaa nalo siku nne tu, kwa hiyo haya ni maneno ya fungate. Mapungufu yake nitayataja, lakini subirini kwanza nilisifie.

Hii si laptopu iliyovalishwa koti la bati. Ni kompyuta ya mezani, kamili, yenye vipande vile vile vinavyokaa kwenye kasha la chini ya meza. Ubao mama ni wa mini-ITX, ule mraba wa milimita 170 kwa 170 ulioasisiwa na VIA mwaka 2001. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, yenye viini 6 na nyuzi 12, na michoro inaichora yenyewe bila kadi ya pembeni. Ramu ni GB 32, vipande viwili vya 16. Viwili, si kimoja! Prosesa hii inakopa ramu ya kompyuta kwa kazi ya michoro, na ukiipa kipande kimoja unaifungia nusu ya njia. Diski ni ya NVMe, nyembamba kama bigijii. Juu ya prosesa imelala feni ya Noctua NH-L9a, ambayo pamoja na chuma chake cha kupoozea ina kimo cha milimita 37. Bila kimo hicho kifupi tranka lisingefunga.

Na tranka lenyewe! Nililikunjisha kwa mafundi bati wa Gerezani, mtaani. Nilimkuta mzee mmoja amezungukwa na matranka yaliyopangwa kama ghorofa, nikamwamkia.

"Marahaba. Unataka la fomu wani?"

"Hapana, mzee. Nataka la kompyuta."

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Lakini nilipomfungulia mchoro wenye vipimo, urefu sentimita 42, upana 30, kimo 11, kicheko kikaisha, akaanza kuuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimejiuliza. Joto litatokea wapi? Kifuniko kina uzito gani? Bawaba ngapi? "Mwanangu, ukiweka kioo kwenye kifuniko bila kitu kizito huku mbele, likifunguliwa litaanguka chali." Hapo nikahamisha betri. Nilikuwa nimeipanga nyuma, chini ya ubao mama. Sasa imelala mbele, chini ya kibodi, na tranka linakaa imara hata kifuniko kikilazwa nyuma kabisa. Matundu ya hewa aliyatoboa kwa msumari mmoja mmoja, kwa mistari iliyonyooka kama ya rula. Nilitaka kumlipa zaidi kwa kazi hiyo. Alikataa, akasema nimletee picha likiwaka.

Betri ndiyo iliyonitia wazimu wa mapenzi. Mafundi wa sola watanielewa: seli 4 za lithiamu-chuma-fosfeti, kila moja volti 3.2, zimefungwa kwa mfuatano, zinatoa volti 12.8. Kwa seli za ampia-saa 20, hiyo ni wati-saa 256 ndani ya tranka! Nilichagua aina hii kwa sababu inastahimili joto kuliko lithiamu za kwenye simu, na huchajiwa mara nyingi mno kabla ya kuchoka. Ila ina hila moja: ikijaa inafika volti 14.6, ikielekea kuisha inashuka hadi kama 10, na ubao mama hautaki hadithi hizo, unataka 12 iliyotulia. Kwa hiyo katikati nimeweka bodi ndogo ya kugawa umeme inayopokea kuanzia volti 6 hadi 30 na kutoa kila kinachohitajika: 12, 5 na 3.3. Kabla yake ipo bodi ya ulinzi wa seli, na kabla ya vyote fyuzi ya ampia 20. Fyuzi hiyo usiiruke hata ukiwa na haraka ya namna gani. Unacheza na betri ndani ya sanduku la chuma. Bisibisi ikidondoka pabaya, utachomelea usichokusudia.

Juzi, katikati ya kukata video ya harusi ya binamu yangu, umeme ukaondoka mtaa mzima. Taa zikazimika, feni ya dari ikapunguza mwendo hadi ikasimama, jirani akapaza sauti kumlaani asiyemjua. Tranka halikupepesa jicho! Kwa sababu hapa hakuna kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda wa betri. Muda wote kompyuta inakula kutoka kwenye betri, na chaja inailisha betri. Nikaendelea kukata video gizani, mwanga wa kioo usoni, nikijiona rubani.

Muda? Kwa kuandika na kuperuzi, mita yangu inasoma wati 35 hivi, na nimepata saa 6 na dakika chache. Nikilibana kwa video, linapanda kuelekea wati 100, na saa 2 zinakuwa nyingi. Nimeingia kwenye bayosi nikaibana prosesa kutoka wati 65 hadi 45, jambo ambalo AMD wenyewe wameliruhusu, na joto likashuka kutoka nyuzi 83 hadi 68. Tofauti ya kasi naiona kwa saa ya mkononi, kwa macho siioni.

Kioo ni cha laptopu iliyokufa. Mwili umeoza, uso mzima. Nyuma ya kila kioo cha laptopu kuna namba ya aina. Ukiisoma unaagiza bodi ndogo ya kukiendesha inayolingana nayo, na ghafla kioo kilichokuwa takataka kinapokea HDMI. Cha kwangu ni cha pikseli 1920 kwa 1080, rangi zake zimekaa vizuri hata ukikitazama kwa upembeni. Nakipenda kupita kiasi.

Usidhani nimevumbua kitu. Mwezi Aprili 1981, kule San Francisco, Adam Osborne alionyesha Osborne 1, iliyobuniwa na Lee Felsenstein: kilo 11, kioo cha inchi 5, dola 1,795, na ndani haikuwa na betri. Mwaka uliofuata Compaq wakatangaza ya kwao, nzito zaidi. Watu walizibeba mashine hizo kama cherehani na kuziita za mkononi. Tranka langu lina kilo 7 na gramu 300. Ukilipima kwa wazee hao, ni unyoya. Ukilipima kwa laptopu ya siku hizi, ni mtoto wa miaka miwili aliyekataa kutembea.

Haya, mapungufu. Usiku wa kwanza kabisa halikuwaka. Feni inazunguka, kioo cheusi. Nilitoa ramu nikairudisha, nikahesabu waya, nikaanza kuishuku hata sala yangu. Kumbe ubao mama, wa chipseti B450 ya mwaka 2018, nilionunua kwenye duka moja la vitu vilivyotumika, ulikuwa na bayosi ya zamani kuliko prosesa iliyotoka 2021. Haikuijua. Muuzaji aliniapia kwamba kila kitu ni kipya kabisa ndani. Nikaazima Ryzen ya kizazi cha nyuma kwa rafiki, nikasasisha bayosi, nikairudisha 5600G. Siku mbili za maisha yangu hizo.

Kosa la pili ni langu peke yangu, na mzee wa Gerezani angelicheka tena: nilizificha antena za Wi-Fi ndani. Ndani ya bati! Nikifunua kifuniko napata kijistari kimoja cha mtandao, nikikirudisha napata sifuri. Sasa zimetoka nje, mbili, kama pembe za mbuzi. Halina kamera. Spika zake ni za aibu, zinakoroma ndani ya bati kama redio iliyosahauliwa kabatini. Na kwenye ndege halipandi: kwa kawaida mwisho wa betri ni wati-saa 100, au 160 kwa ruhusa ya shirika, na mimi nina 256. Basi na treni ndiyo saizi yangu.

Lakini nikwambie kitu. Ramu ikifa, natoa skrubu 4, nabadilisha. Prosesa ikichoka, soketi ya AM4 inapokea nyingine. Seli, feni, kibodi, hata bawaba: kila kimoja nakijua jina, na nakijua duka. Laptopu niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuja na ramu iliyolehemiwa ubaoni, GB 8 za kuzaliwa nazo na kufa nazo, na fundi alipoifungua alinipa pole kama ya msibani.

Kama unataka kitu chepesi cha mkutanoni, nunua laptopu, hutajuta. Kama una kompyuta ya mezani inayolala chini ya meza kila umeme ukikatika, na mkono usioogopa bisibisi, jenga. Tranka nalipa pointi 9 kwa 10. Moja nimeikata kwa spika. Picha nimeshampelekea mzee, na ameomba siku nyingine nilete tranka lenyewe aguse kile kioo. Nawe ukienda kutafuta kioo, usilipe kabla hujasoma ile namba ya nyuma.