Kitambuzi kinahesabu hatua, hakiulizi habari

Wasomi wenzangu, kuna wazo linasifiwa sana: upachike vitambuzi ukutani, vihesabu mtu anapita sebuleni mara ngapi, analala saa ngapi, anatoka lini, kisha kompyuta iseme kama ana depresio. Wazo lina akili, ila linajibu swali ambalo kwetu si la kwanza.

Tuseme ukweli: depresio inagusa mwili. Usingizi unaharibika, mtu anaacha kutoka. Mwaka 2013 kule Dartmouth, Marekani, utafiti wa StudentLife ulifuata wanafunzi 48 kwa wiki 10 kupitia simu zao, ukaona usingizi na mazungumzo vinaendana na depresio.

Lakini depresio yenyewe waliipima na nini? Na PHQ-9: maswali 9 ambayo mtu anajibu mwenyewe juu ya wiki 2 zilizopita. Kumbe mashine inaegemea maneno ya mtu! Na swali la 9 linauliza kama umewaza kwamba heri ungekufa. Hilo, hakuna kitambuzi cha mwendo kinalisikia.

Watasema watu wanaficha. Sawa. Lakini mwenye aibu, akijua hata ukuta unamchunga, ndiyo atafunguka?

Tena, vifaa hivi vinamfaa mtu anayeishi peke yake. Kwetu vyumba viwili, watu saba: nani ni nani? Umeme ukikatika, ule ukimya kompyuta itauita huzuni? Na mwenye diplome anayeshinda nyumbani juu hana pesa ya taxi, huyo ni mgonjwa ao hana kazi?

Hata kama kengele inalia sawasawa, nani anakuja? OMS inasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya 75% ya wenye matatizo ya akili hawapati matibabu yoyote. Kwetu kupima siyo kazi ngumu. Kupata mtu wa kusikiliza ndiyo kazi.

Harare walianzia hapo. Daktari Dixon Chibanda alifundisha bibi wa mtaa, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mwaka 2016 matokeo yalitoka: watu 573, kliniki 24, na waliosikilizwa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo mwenye bajeti ya vitambuzi, mimi namwambia: nunua benchi kwanza, ulipe wa kuketi. Wenye kusoma saikolojia humu, munasemaje?