Kibaba cha Mbwa: Robo ya Chakula Ilivyochelewesha Baridi Yabisi

Mwaka 1987 kampuni ya Marekani ya kutengeneza chakula cha wanyama, Ralston Purina, ilianza jaribio ambalo mpango wake hata mpishi angeuelewa. Walichukuliwa watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador kutoka matumbo saba, wakapangwa wawili wawili kwa jinsia na uzito unaokaribiana. Tangu umri wa wiki nane, mmoja wa kila jozi alikula ashibe, na mwenziwe akapimiwa robo tatu ya kile alichokula yule. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni kibaba tu. Mbwa hao walifuatiliwa maisha yao yote, wakipigwa picha za eksirei mara kwa mara, na matokeo ya umri wao yakachapishwa mwaka 2002. Nusu ya kundi la shibe walikuwa wamekufa kufikia umri wa miaka 11.2. Kwa waliopunjwa, nusu hiyo ilitimia kwenye miaka 13.

Kilichovuta macho ya wengi ni hiyo karibu miaka miwili ya ziada. Kwa anayefuga mbwa mkubwa, nadhani habari nzito zaidi iko nyongani. Katika kundi la shibe, nusu ya mbwa walikuwa na dalili za yabisi ya nyonga kwenye eksirei kufikia miaka 6. Katika kundi la kibaba pungufu, nusu walifikia hali hiyo kwenye miaka 12. Mbwa wa makundi yote mawili walitoka matumbo yaleyale saba, tena ni wa aina ambayo nyonga zake zinajulikana kuwa na kasoro za kurithi. Hiyo kasoro haikufutwa na njaa ndogo, ila ilicheleweshwa kwa karibu nusu ya umri wa mbwa. Sijui dawa yoyote ya viungo iliyoonyesha jambo la namna hiyo. Na tuangalie hao walioshiba walikuwa mbwa wa namna gani. Madaktari wa mifugo hupima unono kwa alama 1 hadi 9, na 4 au 5 ndiyo hali nzuri. Katika utu uzima, wastani wa kundi la shibe ulikuwa 6.7, na wa wenzao 4.6. Walipokaribia miaka mitatu na robo, hata kundi la shibe liliwekewa kikomo ili lisinenepe kupita kiasi. Kwa hiyo hatulinganishi mbwa wembamba na mapipa. Mbwa wa 6.7 ndiye yule anayesifiwa na wageni getini kwamba ametunzwa, na kwa hilo jicho la mwenye mbwa ni shahidi mbaya.

Pingamizi la kwanza ni kwamba eksirei si maumivu. Ni kweli: kuna mbwa ambaye picha yake inatisha naye anakimbia, na mwingine picha yake safi lakini hainuki asubuhi. Ila watafiti walihesabu pia umri ambao nusu ya mbwa walihitaji tiba ya kudumu ya viungo, na jibu likaja upande uleule: miaka 10.3 kwa walioshiba, 13.3 kwa waliopimiwa. Pingamizi la pili ni la mkono wa kampuni: nani amwamini muuza chakula? Mimi naona hapa shaka hiyo inageuka kuwa ushahidi, maana matokeo yanamwambia mteja anunue kidogo. La tatu ndilo lenye nguvu kweli: hao ni Labrador, na walianzwa wakiwa wachanga; je, anayechechemea leo akiwa na miaka tisa atafaidi nini? Hapo ushahidi ni mwembamba zaidi lakini upo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa mbwa 14 wanene wenye yabisi waliopunguzwa uzito polepole. Kuchechemea kulianza kupungua kwa kiasi cha kupimika walipopoteza kama asilimia 6 ya uzito. Kwa mbwa wa kilo 30 hiyo haifiki hata kilo mbili. Mbwa walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo nisingejenga nyumba juu yake peke yake. Lakini sababu zinaeleweka: kila kilo inayopungua ni mzigo usioiangukia nyonga, na mafuta ya mwili hayakai kimya, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe kwenye viungo.

Hili haliziondolei dawa kazi yake. Carprofen na meloxicam hutuliza maumivu vizuri zikitolewa na daktari anayefuatilia figo, ini na tumbo, na mbwa asiyeumia hutembea, na anayetembea hulinda misuli inayoshikilia kiungo. Siku hizi ipo hata sindano ya kila mwezi, bedinvetmab, inayozuia ishara ya maumivu. Lakini hakuna kati ya hizo inayorudisha gegedu lililolika, na mwenye mbwa anayechoma sindano huku akiongeza ugali na mchuzi wa mafuta anateka maji kwa pakacha. (Vidonge vya binadamu viachwe kabatini: ibuprofen huchoma tumbo la mbwa na figo zake.)

Atasema mtu kwamba mbwa wa kwetu hawana tatizo hilo, na kwa wa kienyeji anayezurura mitaani yuko sahihi. Tunazungumza juu ya Labrador na German Shepherd wa getini, anayefungiwa mchana kutwa na kulishwa mabaki ya meza, ambayo hakuna anayeyapima. Huyo apapaswe mbavu, asiangaliwe tu. Fungua mkono mmoja, pitisha kidole cha mwingine juu ya mgongo wake: mbavu zikihisika hivyo, sawa. Zikihisika kama nyama iliyo chini ya kidole gumba kiganjani, kibaba kipunguzwe, kisha apimwe tena baada ya wiki mbili. Mizani ya bafuni inatosha. Panda ukiwa umembeba, panda peke yako, utoe. Asiyeweza kubeba kilo 35 aende kwa muuza pumba, ampandishe kwenye mizani ya magunia.