Maneno Yanapozama: Uchambuzi wa Sauti Ukumbini na Kwenye Runinga

Taarab ni sanaa ya maneno kabla ya kuwa sanaa ya vyombo, na kwa sababu hiyo kazi ya fundi mitambo katika onyesho lake hupimwa kwanza kwa swali moja: je, msikilizaji aliyeketi safu ya mwisho ameusikia ubeti mzima, silabi kwa silabi, au ameambulia mdundo na kiitikio tu? Katika kumbi nyingi za Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa jibu la siku hizi ni hilo la pili, na kasoro haitokani na waimbaji wala uchache wa vifaa, kwa kuwa spika zinazopangwa leo hata kwenye harusi ya kawaida zina nguvu ambayo vikundi vya zamani havikuwahi kuwa nayo. Inatokana na namna nguvu hiyo inavyotumiwa. Uchambuzi huu unafuata njia ya sauti kutoka kinywani mwa mwimbaji hadi sikioni mwa msikilizaji, na unaonyesha kwamba kosa hilohilo, la kudhani kuwa sauti kubwa ndiyo sauti njema, ndilo linalomfanya mtazamaji wa runinga aikimbilie rimoti kila tangazo la biashara linapoingia.

Vikundi vikongwe vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kilichoanza mwaka 1958, vilirithi muziki ambao uwiano wa sauti umo ndani ya utunzi wenyewe. Onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha vyombo vitupu kisicho na mwimbaji, na hapo fidla, akodiani, kanuni, udi na nai hupata nafasi ya kutamba. Mwimbaji anapoanza, vyombo hivyo hushuka na kumfuata kwa upole, kisha hupanda tena kujibu pale anapopumua baina ya mshororo na mshororo. Kupishana huku ndiko kulikofanya kazi ambayo sasa imeachiwa meza ya kuchanganyia sauti, yaani mtambo wa vitufe vingi unaopokea sauti za vipaza sauti vyote na kuamua kila moja isikike kwa kiasi gani. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, ambazo kila upande ulichukua takriban dakika tatu, ufundi wa wakati huo ulitegemea zaidi umbali: aliyetakiwa kusikika zaidi alisogea, na mwenye chombo chenye kelele alirudi nyuma. Hakuna kitufe kilichoweza kurekebisha uzembe baadaye, kwa hiyo uwiano ulipaswa kuwa sahihi chumbani kabla ya sahani kuanza kuzunguka.

Taarab ya kisasa, iliyoshika kasi miaka ya 1990 kwa kinanda cha umeme, gitaa la besi na midundo ya kucheza, ilibadili hesabu hiyo kabisa. Haifai kuilaumu kwa kuchezeka, maana watu wana haki ya kucheza. Linalostahili kuchunguzwa ni jinsi besi na ngoma za kinanda zinavyoachiwa zitawale kupitia spika kubwa za chini, zile za masanduku mapana yanayowekwa sakafuni, hata pale mwimbaji anapokuwa katikati ya fumbo ambalo ndilo lililowaleta watu.

Hapa inabidi kuisogelea lugha yenyewe. Silabi za Kiswahili, isipokuwa chache, huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, hivyo mzigo mkubwa wa kutenganisha neno na neno umebebwa na konsonanti. Mtu akisikia irabu bila konsonanti hawezi kujua kama mwimbaji ametaja taa, paa, saa, kaa au faa, maana kinachobaki ni ule mvuto mmoja wa a. Katika masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde ambayo hupimwa kwa hezi, nguvu kubwa ya irabu huwa chini ya hezi 1,000 hivi, ilhali alama zinazotambulisha konsonanti ni dhaifu, fupi na hukaa zaidi juu ya hapo, na msuguo wa herufi s hupanda hata kupita hezi 4,000. Besi na ngoma ziko chini kabisa, mara nyingi chini ya hezi 200, na mtu angedhani kwamba kwa kuwa zimekaa mbali na konsonanti haziwezi kuzidhuru. Lakini sikio la binadamu lina tabia inayofahamika vyema kwa wanasayansi, kwamba sauti nene ikiwa kubwa sana hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake, na hufunika zaidi kadiri inavyozidi kukuzwa. Kwa hiyo fundi anapoongeza besi ili ukumbi utikisike, huwa anafuta konsonanti, na msikilizaji hubaki na wimbo wa irabu. Anayeinuka kwenda kutuza, yaani kumpa mwimbaji fedha jukwaani kwa sababu mshororo fulani umemgusa au umempiga kijembe hasimu wake, anahitaji kuusikia mshororo huo. Asipousikia, anatuza mdundo, na sehemu ya maana ya taarab imekufa hata kama ukumbi umejaa.

Jibu la haraka la mafundi wengi mwimbaji anapozama ni kumwongezea sauti, na hapo mluzi huingia. Mluzi ni ule mlio mkali unaotokea sauti inapotoka kwenye spika, ikaingia tena katika kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka, na kuzunguka hivyo bila kikomo katika masafa ambayo mtambo na ukumbi vinayapendelea. Tiba yake ya kwanza haina gharama. Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, huenda kwa uwiano na si kwa kujumlisha: kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili huleta desibeli 3 tu, na ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitajika desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa upande mwingine, mwimbaji akiupunguza kwa nusu umbali uliopo kati ya mdomo wake na kipaza sauti, sauti yake inayoingia huongezeka kwa takriban desibeli 6, na kelele za jukwaani haziongezeki hata kidogo. Sentimita chache za mkono zinashinda hivyo amplifaya ya pili ya kukodi. Inashangaza jinsi somo hili linavyopuuzwa, kwani si ajabu kumwona mwimbaji hodari ameshika kipaza sauti usawa wa kifua, amekifumba kichwa cha kipaza hicho kwa kiganja, jambo linalokifanya kisikie pande zote badala ya mbele tu, huku fundi akihangaika na vitufe.

Ukumbi nao ni chombo. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alionyesha katika miaka ya 1890 kwamba muda ambao sauti huendelea kuvuma chumbani baada ya chanzo chake kunyamaza hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyoinyonya, na katika vipimo vyake alitumia mito ya viti, na dirisha lililo wazi akalichukua kuwa kinyonyaji kamili, kwa kuwa sauti ikishatoka hairudi. Kumbi za sherehe zinazojengwa sasa kwa zege, vigae na vioo, huku madirisha yamefungwa kwa ajili ya viyoyozi, zimekusanya karibu kila kitu ambacho vipimo hivyo vilionya dhidi yake, na mwangwi wa silabi moja bado unazunguka wakati silabi ya tatu inatamkwa. Mapazia mazito ukutani na zulia husaidia. Watu wenyewe husaidia pia, ndiyo maana mtambo uliojaribiwa alasiri ukumbi ukiwa mtupu haufai kuachwa hivyo usiku watu wakishajaa.

Kosa la kawaida zaidi ni kuweka spika zote jukwaani na kuzikuza hadi safu ya mwisho isikie. Mahali pasipo na kuta, sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo ili mgeni wa nyuma asikie vizuri, wa mbele lazima aumie masikio. Njia bora ni kuweka spika ndogo katikati au nyuma ya ukumbi na kuzichelewesha kidogo kwa mtambo, kwa sababu sauti katika hewa ya joto la pwani husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, na spika iliyo mita 35 kutoka jukwaani ikilia papo hapo, msikilizaji aliye karibu nayo atasikia kila neno mara mbili, moja likifuata jingine kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ikicheleweshwa kwa muda huohuo, maneno mawili huungana kuwa moja, na sikio huamini kwamba yote yametoka kwa mwimbaji. Hata ngome ya mawe isiyo na paa, kama Ngome Kongwe ya Unguja ambako tamasha la Sauti za Busara limefanyika kwa miaka mingi, ina hesabu yake, maana kuta huirudisha sauti ambayo anga huichukua.

Nyumbani, mbele ya runinga, mchezo ni uleule kwa vifaa vingine. Mtazamaji anayefuatilia mazungumzo au tamthilia kwa sauti ya wastani hushtuliwa na tangazo linaloonekana kuwa kubwa mara mbili, na akilalamika anaweza kujibiwa kwamba mita haikuvuka kiwango. Jibu hilo huwa la kweli, na ndipo ulipo ujanja. Mita za zamani zilipima kilele, yaani ile nukta ya juu kabisa ambayo sauti hufikia kwa kitambo kidogo, ilhali sikio huhukumu kwa wastani. Mtengenezaji wa tangazo hutumia kompresa, chombo kinachobana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, kisha huinua yote kwa pamoja mpaka kila neno, kila pumzi na kila kengele vinagusa dari. Tamthilia, ambayo imeacha nafasi ya mnong'ono na ya kilio, ina kilele kilekile lakini wastani wa chini sana. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) lilitoa mwaka 2006 njia ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukaitumia mwaka 2010 kuweka wastani mmoja kwa vipindi na matangazo, na Marekani ikapitisha sheria mwaka huohuo, ambayo ilianza kutekelezwa Desemba 2012, inayokataza tangazo kuwa na wastani mkubwa kuliko kipindi linamowekwa. Panapofuatwa kanuni hizo, kubana hakumpi mwenye tangazo faida yoyote, kwa sababu aliyejaza sauti hadi darini hushushwa mpaka alingane na wengine.

Redio ina kero yake, nayo ni mtangazaji anayeingia juu ya ubeti wa mwisho. Nyimbo za taarab ni ndefu, na mara nyingi beti za mwisho ndizo zinazofunga hoja iliyofumbwa tangu mwanzo. Kuzungumza juu yake ni kumnyima msikilizaji kile alichokingoja kwa robo saa nzima.

Tukirudi ukumbini, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100, ukipimwa kwa kila dakika 15, na upimwe wakati onyesho likiendelea. Lakini kwa taarab kipimo hicho hakitoshi. Fundi amtafute mtu asiyeujua wimbo, amketishe safu ya mwisho, na baada ya ubeti wa kwanza amwombe auseme. Akishindwa, ashushe besi kwanza kabla ya kumgusa mwimbaji. Wenye sherehe, ambao ndio wanaolipa, wana haki ya kudai jaribio hilo kabla wageni hawajaingia, na wasione haya kulidai.